Nane Mbili za Wilbrod

Mama Aika alinikuta jikoni kwake, mkono wangu wa kulia ukiwa juu ya sufuria ya pilau, ngumi imejaa chumvi.

Kwa mtu wa umri wangu, mwenye kitambi cha umri wangu, hakuna maelezo yanayotosha mahali kama pale. Nilikuwa nimealikwa chakula cha Jumapili kama jirani mwema. Nilikaa sebuleni kwa heshima zote, nikaonja kijiko cha kwanza, nikakuta pilau haina chumvi hata chembe. Mimi nimepika kwenye meli miaka mingi, kutoka Durban mpaka Maskati, nimewalisha mabaharia wa kila rangi, na ugonjwa huo haujanitoka. Nikasema naenda kunawa. Badala ya bombani nikapita jikoni, kwenda kuokoa sufuria ya watu.

"Shemeji," Mama Aika akasema, mtoto kiunoni, "unatafuta nini kwenye sufuria yangu?"

"Nzi," nikasema. "Niliona nzi."

"Na hiyo chumvi ni ya kumpiga mawe?"

Nilisubiri nifukuzwe. Badala yake aliangalia mlangoni kama mumewe anasikia, akashusha sauti.

"Tia. Tia yote uliyoshika, halafu uonje."

Nikatia. Nikakoroga. Nikaonja. Ilikuwa vilevile, pilau yenye harufu nzuri na ladha ya kadibodi iliyolowa.

"Mimi nimetia mara tatu tangu asubuhi," akasema. "Na jana mchuzi hivyohivyo. Lamba hiyo iliyobaki mkononi."

Nikalamba. Ilikuwa kama nimelamba mchanga wa mtoni. Nikamwambia kauziwa chumvi mbovu, akanijibu kaichota kwenye gunia lilelile la dukani ninaloletewa mimi. Nikafunga kidogo kwenye leso. Nilipovuka ua na kufika kwangu nikailamba tena nikiwa nimesimama kwenye kizingiti: ilikuwa kali mpaka nikakunja uso. Nikarudi mpaka uani kwao nikailamba hapo. Mchanga. Watu waliopita barabarani Jumapili ile waliniona mzee mzima navuka ua huku na huku nalamba leso, na nadhani wapo wanaonisalimia kwa tahadhari mpaka leo.

Tulikuwa Kibiti, mwaka wa pili tangu daraja la Rufiji lifunguliwe, enzi zile kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa: simu za mkononi, mitumba, redio za watu binafsi, na wageni wenye mitaji waliokuja kununua chochote kinachotambaa. Kampuni yetu ilinunua kaa. Kaa walikuja kwa lori kutoka Mbuchi, kijijini kwetu kule delta, wakiwa hai, wamefungwa magando kwa kamba, wamepangwa kwenye matenga yenye majani mabichi ya mikoko, na mimi ndiye niliyewapokea. Kazi yangu ilikuwa kuwabonyeza. Kaa aliyetoka kujivua gamba ni mkubwa wa macho tu, ukimbonyeza tumboni unakuta maji matupu, na mnunuzi wa ng'ambo akipata mmoja wa hivyo anapiga kelele kama kauziwa jiwe.

Wilbrod alikuwa karani wa mtandao. Alitoka Rombo, na mkewe Winifrida, huyo Mama Aika, wa hukohuko, alikuwa muuguzi hospitali ya Mchukwi. Juu ya paa la ofisi kulikuwa na dishi kubwa la setilaiti, chini kulikuwa na kompyuta moja, na Wilbrod ndiye aliyezungumza na dunia kuhusu kaa wetu. Kijana mpole, msomi, mwenye tabia moja iliyotuchekesha: aliipenda adabu ya Pwani kuliko sisi wenyewe. Alijifunza kuvua viatu mlangoni, kukaribisha watu chakula hata kama ni muhogo mmoja, kuitika salamu mpaka mwisho wake. Tulikuwa tukisema Wilbrod kabakiza kofia tu.

Poka nilimfundisha mimi, kwa karata za makaratasi, juu ya meza ya kupimia kaa. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha tano zinafunguliwa mezani kwa wote, na katikati ya hapo ni kuthubutu na kuogopa: unafuata anachoweka mwenzako, unapandisha, au unatupa karata zako na kuondoka na hasara ndogo. Nilimwambia ajihadhari na karata mbili zinazofanana za kati, kama saba mbili au nane mbili. Hizo ndizo kaa wangu wa maji. Si ndogo ukazitupa bila majuto, wala si kubwa ukalala nazo usingizi. Mimi mwenyewe nane mbili ziliwahi kunishusha gati ya Durban nimevaa fulana tu.

Baadaye Wilbrod akagundua kwamba mtandaoni kuna meza za poka, unacheza na watu usiowaona. Kwa kuwa hakuna mtu wa Kibiti aliyekuwa na kadi ya benki, alicheza zile meza za bure, zenye vidude vya dau visivyonunua hata pipi. Alicheza Ijumaa adhuhuri. Saa hiyo ofisi nzima tulikwenda msikitini, soko linafungwa, barabara inabaki na mbuzi, na yeye Mkristo peke yake anabaki kulinda mlango.

Jumatatu nilimsimulia kisa cha chumvi ili tucheke. Hakucheka. Alisimama akafunga mlango.

"Mzee Sadallah," akasema, "chumvi niliiweka mezani."

"Meza gani?"

"Ya poka. Ijumaa."

Akanisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza kidonda cha sehemu ya aibu. Meza ilikuwa ya watu sita, Wazungu watupu kwa majina yao. Kikafunguka kiti kimoja, akaingia mchezaji asiye na picha, jina lake Mgeni. Pale pembeni wachezaji wanapoandikiana maneno, akaandika neno moja: hodi.

"Hodi? Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Nikafurahi, mzee. Miezi yote naongea Kiingereza na mashine, leo mtu wa nyumbani."

"Ukajibu nini?"

"Karibu. Ulitaka nijibu nini? Si nyinyi mlionifundisha?"

Kwetu hodi ya Ijumaa adhuhuri, wakati njia ni tupu na wanaume wote wako kwenye safu, haijibiwi hivyo. Unauliza kwanza, "Nani mwenzangu?" Unangoja usikie jina lake na la baba yake. Mtoto wa Mbuchi analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba ya kaptula, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwambia Wilbrod: hatukudhani ni jambo la kuambiwa. Tulimpa adabu nzima tukasahau kumpa hofu yake.

"Wale wengine wakaondoka mmoja mmoja," akaendelea. "Tukabaki wawili. Akaandika, vidude hivi vya bure havina ladha, bwana, tuweke vitu vya nyumbani. Nikaona mcheshi. Nikaandika, naweka chumvi. Akasukuma vidude vyake vyote mezani. Mimi nilikuwa na saba mbili, nikafuata. Yeye alikuwa na takataka, mzee, mbili na tano! Karata ya mwisho ikamwokoa."

"Usirudi kwenye meza hiyo."

"Sirudi."

"Apa."

Akaapa, kwa Kikatoliki, na mimi nikaridhika kwa Kiislamu. Lakini nimekaa na wacheza karata vya kutosha. Nilipaswa kumuuliza swali moja tu: kama hurudi, mbona umenieleza jinsi alivyobahatisha?

Ijumaa iliyofuata nilitoka msikitini nikakuta Mama Aika anakuja mbio kutoka upande wa nyumbani, peku, kanga imemvuka begani, mtoto kamshika kwa mikono miwili mbele yake kama mtu aliyebeba maji yanayomwagika. Nilidhani mtoto kazimia. Aliponifikia nikaona hapana, Aika alikuwa analia. Uso umeiva, mishipa ya shingo imesimama, machozi yanashuka mpaka kidevuni, mdomo wazi mpaka naona ule ufizi unaotaka kuota jino, na hakuna sauti. Si kwamba amepaliwa, pumzi ilitoka na kuingia vizuri, niliisikia ikinipiga kwenye shavu. Ni sauti tu ndiyo haikuwemo.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

Tuliingia ofisini pamoja. Kitu cha kwanza nilichokosa ni mkwaruzo wa kaa. Watu waliofanya kazi nao wanajua, kaa hai mia mbili ndani ya matenga hawanyamazi hata dakika, wanakwaruzana mchana kutwa mpaka unaacha kusikia. Siku ile ukimya wao ulikuwa mzito kuliko kelele. Nilichungulia tenga moja nikakuta wote wamegeuka, macho yao yale ya vijiti yameelekea upande mmoja, ofisini. Na kutoka kwenye feni ya kompyuta ilitoka harufu ya tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa, na ndani yake, kwa mbali, marashi ya mawaridi.

Wilbrod alikuwa amekaa mikono mapajani.

"Nilitaka kurudisha chumvi," akasema bila kugeuka. "Akasema kitu kimoja hakiwekwi mara mbili. Nikaweka jogoo."

"Jogoo gani?"

"Wako, mzee. Anatuamsha."

Nikirudi kutoka msikitini kweli nilikuwa nimemwona jogoo wangu kando ya njia, kanyoosha shingo, kapanua mdomo, kimya, nikasema moyoni tumezeeka wote wawili. Sikuwa nimeoanisha. Nilicheka, na sasa nilitamani nisingecheka.

"Halafu?" Mama Aika akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Baba Aika, halafu ukaweka nini?"

"Aliniuliza nyumbani nini kinanichosha." Wilbrod akafuta meza kwa kiganja. "Nikaandika, kelele za mtoto usiku. Akasema, weka hizo. Wini, nilidhani ni utani. Nilikuwa sijalala. Alikuwa na takataka tena, nne na tisa, naapa, alikuwa hana kitu…"

Mama Aika hakumpiga. Alikaa chini kwenye sakafu na mtoto, akaanza kumbembeleza, na ilikuwa ajabu kumwona mama anabembeleza kilio ambacho hakisikiki.

Daktari alimtazama Aika koo akasema koo ni zima. Nyumbani mambo yakaendelea. Viti walivyoviacha vimeegemezwa ukutani walivikuta vimezunguka meza, kimoja kimevutwa nyuma kidogo kama mtu ametoka kukikalia. Chakula kilichofunikwa kilikutwa kimepoa upande mmoja. Harufu ya tope ililala nao. Nikaona hapa ujanja wangu wa meli umefika kikomo, nikatuma ujumbe Mbuchi kwa dereva wa lori, na Alhamisi Bi Mwanahalima akaja amekaa mbele, kaa wakiwa nyuma.

Bi Mwanahalima si mganga wa kuning'iniza pembe. Ni mwanamke wa kimo, mwenye dhahabu masikioni na simu shingoni, anayefanya kazi yake kama fundi aliyeitiwa bomba lililopasuka. Alizunguka nyumba, akanusa viti, akasikiliza kisa chote pale sebuleni, kisha akamuuliza Wilbrod, "Ulimwambia karibu kwa mdomo au kwa kuandika?"

"Kuandika."

"Basi imekuwa mbaya zaidi, ya kuandika haifutiki. Huyu simfukuzi. Wa kufukuzwa ni yule anayeingia mwenyewe, huyu kaitwa ndani na mwenye nyumba. Na sikiliza: hawezi kunyoosha mkono akachukua. Anachukua ulichomwekea, basi. Kesho saa ileile utakaa palepale ulipomkaribishia, utamuaga, utainuka kwenye meza wewe kwanza. Akiona mwenyeji kainuka naye atainuka."

"Na sauti ya mwanangu?" Mama Aika akauliza.

Bi Mwanahalima alipanga ubani wake kwenye kitambaa, polepole, punje kwa punje.

"Mimi naondoa mgeni," akasema. "Alichokwisha kupewa sikukiweka mimi."

Ijumaa ile, Mungu anisamehe, sikwenda msikitini. Tulikuwa wanne na mtoto katika chumba kile, adhana imekwisha, barabara tupu, jua limesimama juu ya bati. Chetezo kilifuka udi mpaka nikakohoa. Wilbrod akagusa kitufe, meza ikafunguka, viti vyote vitupu isipokuwa kimoja, na pale pembeni maneno yakaanza kujiandika kabla yeye hajagusa chochote.

Hamjambo nyote. Leo tumejaa.

Nyuma yetu kaa wakanyamaza.

Bi Mwanahalima, shikamoo.

"Siitikii," Bi Mwanahalima akasema kwa sauti, akaendelea kusoma chini ya pumzi. Akanionyesha kwa kidole nikazime jenereta. Nilikwenda uani nikaizima kwa mkono wangu huu, nikaisikia inakufa, nikaona taa ya ofisini inazimika na feni ya ukutani inazunguka inachoka inasimama, nikarudi, na kioo cha kompyuta kilikuwa kinawaka vilevile, kinatuangaza usoni rangi ya maji ya mkoko.

"Muage," Bi Mwanahalima akamwambia Wilbrod.

Wilbrod aliweka vidole kwenye vitufe. Lakini karata mbili zilikuwa zimekwisha kufika mbele yake, hakuna aliyeziomba, zikajigeuza: nane ya kopa na nane ya shupaza. Na Mgeni akaandika.

Bwana, mchezo wa kuagana. Leo tu naweka tena vyote: chumvi, jogoo, sauti. Ukishinda nakurudishia nawe hutaniona. Ukishindwa nampokea mtoto mwenyewe. Ukitupa karata naondoka sasa hivi, na nilivyonavyo ninavyo.

Hapo ndipo, msomaji, nilipojua kwamba kuna meza ambazo mtu hapaswi kujua mchezo wake, kwa sababu mimi, badala ya kuogopa, nilianza kupiga hesabu. Nilijiona kabisa. Nilisema moyoni, ikiwa ana karata mbili kubwa zisizofanana, mfalme na bibi tuseme, nane zetu ziko mbele yake kidogo, kama nusu kwa nusu. Ikiwa ana mbili zinazofanana zilizo juu ya nane, tumekwisha, mara nne katika tano tumekwisha. Lakini ikiwa ana takataka, kama mara zote mbili…

"Mara zote mbili hakuwa na kitu," Wilbrod akanong'ona, kana kwamba amenisikia. "Mzee, anasukuma na kila kitu huyu. Mtu anayesukuma hivi huwezi kumtupia nane mbili. Wewe ungefanyaje?"

"Melini ningefuata," nikasema.

"Shinda," Mama Aika akasema. Sote tukamgeukia. Alikuwa amemkumbatia Aika, na Aika alikuwa analia ule mlio wake usiokuwepo, na mama yake anamtazama mdomoni kama mtu anayetazama mlango. "Kama unaweza kushinda, shinda. Nataka nimsikie."

Wilbrod akaweka mkono kwenye kipanya. Nilikiona kishale kikitambaa kwenye kioo kuelekea pale panapoandikwa kufuata, na harufu ya tope ikapanda mpaka nikahisi nazama mpaka magotini, na marashi yakawa makali kama mtu aliyejipaka kasimama katikati yetu, na nyuma ya kiti cha Wilbrod, pale ambapo hakuna mtu, mbao za sakafu zikalia taratibu kama zinavyolia mtu mzito anapoinama kutazama karata za mwenzake, na Bi Mwanahalima akapandisha sauti ya kisomo, jasho likimchuruzika kwenye dhahabu zake, na mimi nikafumba macho nikawa nahesabu tu, mfalme, bibi, gulamu, kumi, tisa, nahesabu kila karata inayoweza kutuua, na kila nilipomaliza nilianza upya kwa sababu jibu lilikuwa linakataa kukaa mahali pamoja.

"Baba Aika," Mama Aika akasema. "Ngoja. Hizo karata nani anagawa?"

"Mashine."

"Mashine umeme wake unatoka wapi sasa hivi?"

Wilbrod akatazama taa iliyozimika. Akatazama kioo kinachowaka.

"Basi aliyekupa nane ni yeye," Mama Aika akasema. "Angeweza kukupa mbaya ukazitupa. Angeweza kukupa nzuri sana ukashinda. Kakupa hizo. Hizo za kukukalisha hapo."

"Lakini Wini, kama hana kitu…"

"Hata kama hana kitu."

"Hatazungumza. Unajua? Nikitupa, Aika hatazungumza maisha yake yote. Hataniita."

Mama Aika alimpangusa mtoto machozi kwa ncha ya kanga.

"Namtaka hivihivi alivyo," akasema. "Tupa."

Wilbrod hakutupa mara moja. Nasema hivi kwa sababu nilikuwapo, na ninampenda, na sitaki mtu adhani alikuwa jiwe. Alilia kwa sauti kama watoto wanavyolia, alilia kwa niaba ya yule asiyeweza, na kishale kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda kushoto. Kisha akabonyeza. Zile nane zikateleza zikapotea. Akaandika: Kwaheri mgeni, naondoka. Akainuka.

Kwaheri, bwana. Hutaki kuona nilichoshika?

Kwenye kioo, karata mbili za upande wa pili zikaanza kuinuka ukingoni, taratibu, kama kope. Bi Mwanahalima alivua kanga ya kichwani akaitupa juu ya kioo.

"Hatutazami," akasema. "Tokeni nyote. Mbele yangu."

Tulipofika mlangoni mashine ikazimika yenyewe, na matengani kaa wakaanza tena kukwaruzana, wote kwa pamoja.

Kampuni ilifungwa miaka michache baadaye, wageni wakahamia kununua kitu kingine. Wilbrod alibaki Kibiti na duka la vipuri vya simu. Nyumba walihama, na kwenye nyumba mpya chumvi ilikuwa chumvi. Jogoo nilimchinja, alikuwa mgumu. Aika alikua. Ni mtoto mwerevu, anayeandika vizuri kuliko walimu wake, anayecheka kwa mabega. Hajawahi kutoa sauti. Baba yake hajawahi kushika karata tena, lakini mara nyingine tukiwa tumekaa, katikati ya mazungumzo ya mpira au mvua, ananigeukia ghafla: "Mzee, unadhani alikuwa na nini?" Namwambia sijui. Nimejaribu kumwambia alikuwa na ree mbili, zile kubwa kuliko zote, haamini. Nikimwambia takataka, hapati usingizi.

Mwezi uliopita nilikuwa kwao kwa chakula cha mchana. Nilikuwa nimestaafu kuingia majiko ya watu. Mama Aika anapakua, Aika kakaa mkekani anachora. Simu ya Wilbrod ikaita, haina namba. Akabonyeza, akaiweka kwenye spika kama kawaida yake ya dukani.

"Shikamoo, baba."

Sauti ya msichana. Ya umri wa Aika hasa, safi, na ndani yake lafudhi ya Mama Aika ile ya Rombo. Wilbrod alisimama akauweka mkono wake ukutani. Pale mkekani Aika hakuinua kichwa, penseli yake haikusimama, lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Ilicheza sawasawa na maneno, herufi kwa herufi.

"Baba, anasema ukiniuliza ataniruhusu nikwambie. Unataka kujua alikuwa na karata gani?"

Kutoka ndani ya simu, kwa mbali, nilisikia maji ya delta yakinyonya tope.

"Wini," Wilbrod akasema. Sikuwahi kumsikia anaomba namna ile. "Neno moja tu, nitulie. Miaka yote hii. Nijue tu alikuwa na nini."

Mama Aika aliweka sahani mbele ya binti yake, akamgeuza uso kwa kidole mpaka ile midomo ikasimama, kisha akamtazama mumewe.

"Alikuwa na mwanangu," akasema. "Kata simu."